Neno Lililotangulia Pikipiki

Kitendawili!

Mmeitika tega? Basi sikilizeni. Katoka nyumbani kwao mchana kweupe, walinzi thelathini na wawili wamejipanga mlangoni kwa kanzu nyeupe, hakuna aliyemshika mkono. Na akishatoka, hata ukimfuata kwa farasi harudi.

Mshale? Siyo, mshale hufuatwa ukaokotwa. Roho? Mmekaribia, lakini siyo. Mmeshindwa, nipeni mji. Mikindani? Haya, Mikindani nimekwenda, nimekaribishwa barazani, nimelishwa wali wa nazi na changu wa kupaka, nimerudi nimeshiba. Jibu lenyewe ni neno. Thabiti bin Mchopa alikuwa na kitu chenye mbio kuliko farasi, na neno lake bado lilimshinda.

Asubuhi hiyo ya Aprili mvua ilikuwa imelalia mabati ya Chikongola tangu alfajiri. Thabiti alichuchumaa ukumbini mwa nyumba aliyopanga, akiisugua pikipiki yake kwa kitambaa cha mafuta. Ilikuwa nyepesi, nyekundu, ya Kijapani. Matairi yana vipele kama mgongo wa kenge, madigadi ya mbele imenyanyuka juu ili tope lisikwame, na bomba la moshi limepanda ubavuni kama mkono uliokunjwa. Barabara ya lami ilikuwa yake, na njia ya mbuzi ilikuwa yake. Aliinunua kwa mtaalamu mmoja wa mikorosho pale Naliendele aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo hakuna aliyeona tope likikauka juu yake.

Bi Sharifa mwenye nyumba alipita na sinia la maandazi kichwani.

"Unampamba nani bibi harusi huyo, na mvua hii?"

"Jumamosi naenda Mahurunga, Bi Sharifa. Kumrejea mke wangu."

"Jumamosi?"

"Siku bado zipo. Nimehesabu." Thabiti alinyoosha kidole chumbani, kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe ishirini ya Januari alikuwa ameitia duara kwa kalamu nyekundu. Tarehe ishirini ya Aprili ameitia duara jingine. "Miezi mitatu ya eda. Leo ni tarehe kumi na nne. Nina siku sita."

Bi Sharifa alicheka mpaka sinia likayumba. Kisha kicheko kikamkatika, akaliweka sinia chini.

"Thabiti, ulisoma chuo gani wewe, cha kufuga kuku? Miezi mitatu ni ya kikongwe kama mimi niliyekwishakatikiwa. Mwanamke mwenye siku zake hahesabiwi kwa kalenda ya ukutani! Anahesabu twahara tatu, yaani kutoka hedhini mara tatu, na wengine huzimaliza kabla hujaifungua karatasi ya mwezi wa tatu."

Kitambaa kilimwanguka Thabiti mkononi.

"Sasa hesabu hiyo anayo nani?"

"Anayo mwenyewe na Mola wake. Hakuna mwanamume anayeijua, wala mjomba, wala mwalimu wa chuo. Ndiyo maana neno lake ndilo linalosikilizwa." Alimtazama kijana wa watu, akamwonea huruma, lakini alilonalo hakulimeza. "Na kuna jingine. Jana sokoni nimemwona Mwaisha, binamu wa mkeo, ananunua iliki na sukari. Nikamwuliza kulikoni, akasema leo mchana kwa mjomba wao Chande kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Wageni wa iliki, mwanangu. Mgeni wa kawaida hunywa uji. Na posa haipelekwi kwa mwanamke aliye edani. Basi ujue, huko kwao wanaona imekwisha."

Thabiti hakuvaa koti. Hakutazama petroli, na petroli miaka ile ilikuwa ya kutafuta kama dawa. Aliisukuma pikipiki ikavuka kizingiti, akakanyaga kiki mara moja, ikawaka. Maandazi mawili aliyotiwa mfukoni kwa nguvu na Bi Sharifa yalikuja kuliwa na mvua.

Niwaambie neno lenyewe lilivyotoka.

Siku za fungate Thabiti mwenyewe ndiye aliyemfundisha Somoe kuendesha. Jioni baada ya kazi walikwenda kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba, yeye nyuma, mkewe mbele, kanga mbili zimefungwa kibwebwe. "Achia klachi taratibu," alimnong'oneza sikioni, "kama unamlaza mtoto aliyesinzia." Somoe alicheka, injini ikazima, wakaanza upya. Siku moja muundi wake uligusa bomba la moshi, ukaungua. Thabiti alimpaka asali kwa kidole chake kila usiku mpaka kidonda kikapona, kikabaki kovu dogo kama jani la mkwaju. Mapenzi yalikuwa hivyo.

Lakini uwanja una macho. Pale kwenye kijiwe cha kahawa wanaume wakaanza kumuuliza, "Thabiti, kwako dereva nani na utingo nani?" Akacheka nao. Kesho wakamuuliza tena, "Leo umepewa lifti au umekuja kwa miguu?" Siku ya tatu hakucheka. Alisimama na kikombe mkononi, mbele ya watu tisa, akasema, "Wallahi, Somoe akiipanda tena pikipiki yangu, talaka yake moja!"

Alidhani ametia kufuli. Kumbe amefungua mlango.

Siku kumi na moja baadaye, Thabiti akiwa Mpapura na gari la kazini kukagua mikorosho, habari ilikuja kutoka Mahurunga: mama yake Somoe yu mahututi, anamwita mwanawe. Basi halikupita siku hiyo kwa ajili ya mvua. Somoe alikaa mbele ya ile pikipiki tangu saa mbili mpaka saa tano, mikono mapajani, kama mtu aliyekaa mbele ya nyoka. Kisha akafunga kibwebwe.

Alimkuta mama yake hai. Mama alimshika mkono mpaka magharibi, ndipo akaondoka duniani.

Thabiti alifika kesho yake kwa lori. Alimkuta mkewe amesimama mlangoni, macho yamevimba. Neno moja tu lilitakiwa, nimekurejea, na mambo yangeishia pale. Lakini habari ya kiapo ilikuwa imetangulia. Aliona wanaume wa matangani wanamtazama, akasikia mmoja anaguna. Basi akainama, akatoa leso yake mfukoni, akaanza kuifuta pikipiki tope, mbele ya waliofiwa. Kisha akaipanda, akaondoka.

Miezi karibu mitatu Thabiti alikuwa haoni kitu ila ile leso.

Aliipita Naliendele mvua inamchapa usoni kama mchanga. Baada ya hapo njia ilikuwa jina tu. Malori yalikuwa yamechimba mifereji, maji yamejaa mifereji, na katikati limebaki tuta jembamba la udongo mwekundu, pana kama kiganja. Hapo ndipo wepesi wa pikipiki ile ulipoonekana. Alisimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi, akaiacha icheze chini yake kama mtumbwi. Gari la serikali alilikuta limezama mpaka milango, dereva amekaa juu ya boneti anakula muhogo.

"Unakwenda wapi, mwendawazimu?" dereva alimpigia kelele.

"Kwa mke wangu!"

"Mke gani hangoji mvua ikatike?"

Thabiti alikaza mwendo, swali hilo akaenda nalo. Ndilo lililokuwa likimtafuna.

Kwenye bonde moja daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa, limebaki gogo moja. Alizima injini, akaivusha kwa kuisukuma, yeye majini mpaka kifuani, matairi juu ya gogo. "Ya Rabi," alisema, "usiniachie." Hata hakujua anamwombea nani, nafsi yake au kile chuma.

Ng'ambo ya pili ikawaka. Baada ya maili chache ikaanza kukohoa. Aliugeuza mkono wa petroli kwenye akiba, ikaenda. Ikakohoa tena, ikafa. Thabiti aliilaza ubavu wa kushoto kwenye nyasi, kama anavyolazwa mbuzi wa kuchinjwa, ili kijipetroli kilichojificha upande wa pili wa tangi kimwagikie upande wenye mrija. Aliisikia ikitiririka, kidogo, kidogo. Akainua, akapiga kiki. Mara ya nane iliitika.

Adhuhuri ilikuwa imekwishaadhiniwa alipoona mashamba ya mpunga ya Mahurunga. Ruvuma ilikuwa imepanda; njia yote iliyokatiza mpunga ilikuwa maji matupu, yametulia, ncha za kijani za mpunga juu yake. Aliingia. Maji yakafika kwenye injini, yakafika kwenye tangi. Pikipiki ilitoa mlio mmoja, kama mtu aliyeitwa jina lake, ikanyamaza.

Alikanyaga kiki. Kimya. Akakanyaga tena. Akaisukuma hatua kumi, tairi la mbele likazama kwenye tope la mpunga, halikuchomoka. Mbele yake, mbali, aliona paa la makuti la mjomba Chande, na mbele ya baraza imesimamishwa miavuli mitatu.

Wageni wamefika.

Thabiti aliutazama usukani uliokuwa mikononi mwake. Mikono hii ndiyo iliyoshika leso. Akauachia usukani. Pikipiki iliinama taratibu, ikalala majini, kioo kimoja tu kikabaki juu kinatazama mawingu. Hakugeuka nyuma. Alikimbia, maji yanaruka, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, akakimbia.

Alipofika uani hakuvuta pumzi. Alisimama mvuani, akapaza sauti:

"Somoe binti Selemani! Nimekurejea! Mlioko hapa nyote ni mashahidi, nimemrejea mke wangu!"

Barazani kulikuwa na wanaume watano. Watatu wageni, kanzu safi, vikombe vya chai ya iliki mikononi. Wa nne Mwalimu Issa wa chuo, ndevu nyeupe. Wa tano mjomba Chande, ambaye kwa Wamakonde wa huku ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, awepo baba au asiwepo.

"Shikamoo mjomba," Thabiti alisema, meno yanagongana.

"Sitaki shikamoo yako. Umechelewa. Rudi ulikotoka."

"Mjomba, nisikilize..."

"Nikusikilize? Dada yangu alikuwa bado kaburi bichi, wewe ukasimama hapo hapo uliposimama ukakipangusa chuma. Tope la pikipiki ulilionea huruma, machozi ya mtoto wangu hukuyaona. Leo unakuja na nini? Na kiatu kimoja?"

Mgeni mmoja alicheka ndani ya kikombe. Thabiti alitazama mguu wake mtupu, ndipo alipojua.

"Sina cha kujitetea, mjomba. Ulilosema ni kweli tupu."

"Basi nenda."

"Ngoja, Chande," alisema Mwalimu Issa, akaweka kikombe chini. "Neno lake limekwishatoka, na sisi tumelisikia. Kama limemkuta mwanamke ndani ya eda, huyu ni mkewe tangu sasa hivi, utake usitake, na wageni hawa wanywe chai yao waende salama. Kama limemkuta eda imekwisha, halina uzito wa unyoya. Wewe uliniambia imekwisha. Nani alikwambia?"

"Nilimwuliza mwenyewe. Juzi."

"Akasema imekwisha?"

Mjomba Chande alijikuna shingo. "Alinyamaza. Kimya cha mwali ni ndiyo, nani asiyejua?"

Mwalimu Issa alitikisa kichwa polepole. Akageukia mlango wa ndani, uliofunikwa kwa mkeka.

"Somoe mwanangu, unanisikia. Eda yako imekwisha, au haijakwisha?"

Mvua ilijibu juu ya makuti.

Lakini mkeka ulikuwa haufiki chini. Thabiti aliona miguu miwili, imesimama kimya kwenye sakafu ya udongo. Na kwenye muundi wa kulia, kovu dogo kama jani la mkwaju. Alikaa chini pale pale, kwenye tope la ua.

"Wageni wapo, Somoe," mjomba alisema. "Jibu, tumalize."

Sauti ilitoka, ndogo, imekauka. Haikumjibu mjomba, wala haikumjibu Mwalimu.

"Thabiti. Pikipiki iko wapi? Sikuisikia."

"Nimeiacha kwenye maji ya mpunga."

"Imesimama?"

"Imelala."

"Ulifunga petroli?"

"Sikumbuki, Somoe. Haikuwa na petroli ya kufunga."

"Maji yataingia kwenye injini."

"Yaingie."

Miguu ilisogea hatua moja karibu na mkeka. Bi Hamisa, bibi yake Somoe, aliyekuwa amekaa pembeni mwa baraza anasuka ukili, aliacha kusuka.

"Siku ile," sauti ilisema, "nilikaa mbele yake saa tatu nzima. Nikijua nikiipanda naachika. Nikisema, labda Thabiti atatokea, labda gari litarudi mapema. Nikamwona mama yangu kichwani mwangu ananiita. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeipanda."

"Basi uliniachia nini?"

Thabiti alifunika uso kwa mikono. Wageni walitazama vikombe vyao. Hata yule aliyecheka hakucheka.

"Nilikuacha kwa sababu ya wanywa kahawa tisa," alisema. "Walinicheka. Nikaogopa kucheka kwao kuliko nilivyoogopa kukukosa. Na pale msibani nikaogopa tena. Leo watu wote wanicheke, Mtwara nzima inicheke. Nimetoka mjini nikidhani nina siku sita. Nimeambiwa asubuhi kwamba kalenda yangu ni ya wajinga. Tangu hapo kila hatua naona nimekukosa, na kila hatua nakuja. Sijui kama wewe bado ni mke wangu, Somoe. Wewe ndiye unayejua. Ukisema imekwisha, nitasimama, nitaondoka, na sitakulaumu. Lakini usinyamaze. Kimya chako kimeniua miezi hii yote."

"Kimya changu?" Sauti ikapanda ghafla, ikapasuka. "Nani alinyamaza kwanza?"

Mvua ilipungua kidogo, ikabaki michirizi ya paa.

"Mjomba anasema kimya cha mwali ni ndiyo," Somoe aliendelea, sasa taratibu. "Mimi si mwali. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nangoja. Kila asubuhi nasikiliza njia ya mpunga. Nikisikia injini moyo unaruka, kumbe ni mashine ya kusaga. Nikaona aibu kumwambia mjomba kwamba bado namngoja mtu aliyepangusa tope la pikipiki mama yangu akiwa kaburini."

"Mpwa wangu," mjomba Chande alisema, na sauti yake haikuwa tena ya ugomvi, "mtu huyu atakutesa. Kiapo kingine kitatoka kesho. Ulimi wake hauna mlango."

"Na mimi nataka kulisikia hilo, mjomba. Thabiti! Nikiigusa tena pikipiki yako?"

Thabiti alinyanyua uso. Aliwatazama wageni watatu, akamtazama Mwalimu, akamtazama mjomba, mmoja mmoja, kama alivyowatazama wale tisa.

"Ukiigusa tena," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "utakaa mbele, na mimi nitakaa nyuma. Mchana, katikati ya Chikongola, mbele ya kahawa. Wakiuliza dereva nani, nitawaambia ni mke wangu."

"Lo!" alisema mgeni mmoja. "Mwanamume mzima!"

"Kunywa chai," Bi Hamisa alimkata. "Hukuulizwa wewe."

Mkeka ulisogea. Somoe alitoka, amekonda, kanga nyeusi begani, macho yake hayakwenda kwa mtu yeyote ila kwa yule aliyekaa topeni na kiatu kimoja. Walitazamana. Miezi mitatu ilikuwa ndani ya mtazamo ule, na leso, na asali, na mchanga wa uwanjani.

Mwalimu Issa alikohoa kwa upole.

"Mwanangu, nimekuuliza mara moja, sasa nauliza ya mwisho, na Mungu anasikia. Alipotamka neno lake, eda yako ilikuwa imekwisha, au haijakwisha?"

Somoe alimgeukia bibi yake kwanza. Bi Hamisa akainamisha kichwa, kama anayempa ruhusa.

"Tangu alipozikwa mama, Mwalimu, mwili wangu nao ulikaa matangani. Mwezi ule wote nilisubiri, sikuona kitu. Uliofuata nikasubiri, vilevile. Bi Hamisa ndiye aliyekuwa akinichemshia mizizi, mwulize. Siku zangu zimerudi juzi juzi tu, mara moja kati ya tatu." Alishuka ngazi ya baraza, akaingia mvuani, akamnyooshea Thabiti mkono. "Haijakwisha. Inuka, tukaitoe majini. Usukani nitashika mimi."